Tumsaidieje Mwenye Chatu Mchanga?



Naomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu nitoe maoni yangu juu ya jambo lililozusha ubishi mkubwa katika chama chetu cha elimu ya viumbe. Jambo lenyewe ni hili: mtu ambaye hajapata kufuga nyoka maisha yake akinunua chatu mchanga, kisha akaja kwetu kuomba msaada, tumsaidie namna gani? Baadhi ya wenzangu walisema ajibiwe neno moja tu: amtupe. Wengine walisema aambiwe amshike kila siku ili nyoka amzoee. Mimi nashikilia jibu la tatu, kwamba msaada wa kwanza ni kumfundisha mtu huyo kumwacha nyoka wake atulie. Nitaeleza sababu zangu.

Kwanza yafaa tujue ni chatu gani tunayemsema. Si yule chatu mkubwa wa nchi yetu, awezaye kufika meta nne na kumeza swala mdogo. Huyo si wa kufugwa chumbani, na hapa Tanzania mtu akikutwa naye bila kibali atajibu mashtaka ya kuwa na nyara za Serikali. Ninayemsema ni ndugu yake mdogo, mwenyeji wa Afrika ya Magharibi na ya Kati, tangu Senegal mpaka pande za kaskazini-magharibi ya Uganda. Wataalamu wamempa jina la Python regius, yaani chatu wa kifalme. Wamarekani humwita chatu wa mpira, kwa kuwa akiogopa hujikunja akawa kama mpira, kichwa akakificha katikati. Akiwa mkubwa hupata meta moja, au moja na nusu akiwa jike mnene. Aliyetoka yaini juzi ni kama urefu wa rula yetu ya darasani, au huzidi kidogo. Hana sumu.

Nyoka huyu amesafiri kuliko wengi wetu. Kwa miaka mingi nchi za Togo, Benin na Ghana zimemwuza ng'ambo. Majike wenye mimba hukamatwa, mayai huanguliwa, na watoto hupakiwa kwenda Marekani na Ulaya. Biashara hiyo yasimamiwa na mkataba wa mataifa uitwao CITES, ulioanza kutumika mwaka 1975. Wengi pia huzaliwa huko huko Marekani na Ulaya mikononi mwa wafugaji. Ndivyo ilivyotokea kwamba kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, akaaye Columbus katika jimbo la Ohio, akamnunulia mwanawe chatu mchanga, na baada ya majuma matatu akanipigia simu usiku. "Mdogo wangu," alisema, "wewe ndiwe msomi wa wanyama. Nyoka wa mtoto hataki kula. Atakufa, na mtoto analia." Swali lake nikalipeleka chamani, na huko ndiko ubishi ulikoanzia.

Nianze na wale waliosema amtupe. Nawauliza, amtupe wapi? Ohio wakati wa baridi theluji hufunika ardhi, na mnyama wa nchi za joto akitupwa nje hafiki asubuhi. Na mahali pasipo baridi kuna hasara ya namna nyingine. Katika jimbo la Florida chatu wa Burma waliotoroka au kuachwa na wafugaji wamezaana katika mabwawa ya Everglades, wakawamaliza wanyama wengi wa huko. Kutupa, basi, ni kuua nyoka au ni kuharibu nchi ya watu. Aliyekwisha kumpokea kiumbe hai amepokea na dhima yake.

Sasa niwajie waliosema ashikwe kila siku. Hawa nia yao ni njema, lakini nadhani wamemfikiri nyoka kuwa ni mbwa. Wahenga walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Chatu mchanga ni mgeni asiyefaa kupewa jembe siku ya tatu, wala ya saba. Tuangalie maisha yake porini. Mama yake hutaga mayai machache, mara nyingi manne hadi manane, akayazunguka kwa mwili wake muda wa miezi miwili hivi. Mayai yakianguliwa kazi yake imekwisha. Kila mtoto hushika njia yake. Tangu siku hiyo mwewe, nguchiro na nyoka wakubwa wote humwona kuwa ni kitoweo. Kinga yake ni kujificha. Mchana hulala ndani ya shimo la panya au ndani ya kichuguu, usiku hutoka kuwinda. Kiumbe wa namna hii ukimweka katika sanduku la kioo, taa ikiwaka juu yake, nyuso za watoto zikimchungulia pande zote nne, na kila jioni mkono ukishuka kutoka juu kumkamata kama mwewe, atawezaje kula? Nyoka aliye na hofu hafikiri chakula.

Basi katika kumsaidia mfugaji mgeni, tusianze kwa kutaja dawa. Tuanze kwa kuuliza, na maswali yenyewe ni haya.

La kwanza ni joto. Damu ya nyoka haina joto lake yenyewe kama yetu, na bila joto la nje hawezi kusaga chakula tumboni. Upande mmoja wa sanduku wapaswa kuwa na digrii 31 hadi 33 za Sentigredi, na upande wa pili 25 hadi 27, ili achague mwenyewe. Joto lipimwe kwa kipimajoto, lisikisiwe kwa kiganja. Na kila chombo cha joto kiwe na kidhibiti chake, kile kizimacho umeme joto likizidi. Maana nyoka aweza kulala juu ya kitu kinachomwunguza asiondoke mpaka ngozi imeharibika.

La pili ni maficho. Yawe mawili, moja upande wa joto na moja upande wa baridi, tena yawe ya kumbana. Mfugaji mgeni hudhani pango kubwa ndilo la raha, kumbe chatu hupata amani anapohisi kuta zikimgusa mbavuni. Likiwapo ficho moja tu, nyoka hulazimika kuchagua kati ya joto na usalama, na mara nyingi huchagua usalama akakosa joto.

La tatu ni maji na unyevu. Maji safi yawepo siku zote, na unyevu wa hewa uwe kama asilimia 60, uzidi kidogo anapokaribia kujivua gamba. Wakati huo macho yake huwa na ukungu wa buluu, na wafugaji wageni hudhani amepofuka. Hajapofuka. Asishikwe, asilazimishwe kula. Baada ya siku chache macho hung'aa tena, kisha gamba hutoka zima zima kama soksi. Likitoka vipande vipande, unyevu haukutosha. Na utando ukibaki juu ya jicho usibanduliwe kwa kucha.

La nne ni chakula. Mchanga hula mara moja kila siku tano hadi saba, panya mmoja ambaye unene wake haupiti unene wa nyoka mahali panapozidi. Huko Marekani panya huuzwa wakiwa wamegandishwa. Huyeyushwa, hupashwa kwa maji ya moto, kisha hutolewa kwa koleo wakati wa jioni. Panya aliye hai asiachwe na nyoka usiku kucha, kwani panya naye ana meno, na wako nyoka waliotafunwa mgongo. Baada ya kula nyoka asiguswe kwa siku mbili, asije akatapika.

Maswali haya nilimwuliza kaka mmoja mmoja. Ilionekana kwamba sanduku liliwekwa sebuleni karibu na televisheni, taa iliwaka usiku na mchana, ficho halikuwapo hata moja, na aliyemwuzia hakumwambia habari ya kipimajoto. Mtoto alimshika nyoka kila atokapo shuleni. Nikamshauri kaka afunike pande tatu za kioo kwa karatasi, atie maficho mawili, arekebishe joto, azime taa usiku, na mtoto asimguse nyoka kwa juma zima. Usiku wa tisa nyoka alikula. Akaambiwa asubiri mpaka ale mara tatu mfululizo ndipo aanze kumshika, tena kwa dakika chache tu, akimwinua kutoka chini na kuubeba mwili wote.

Simaanishi kwamba subira huponya kila kitu. Chatu mzima mwenye afya aweza kukaa miezi bila kula asidhurike, lakini mchanga hana akiba hiyo. Ndiyo sababu nasema kila mfugaji awe na daftari na mizani ndogo ya jikoni, aandike tarehe ya kula, ya kujivua gamba, na uzito wa kila juma. Daftari ndilo litakalomwonyesha kama nyoka anagoma tu au anakonda. Akikonda, au akitoa mapovu mdomoni, au akipumua kinywa wazi kwa mlio, au wakionekana utitiri kati ya magamba, basi tusijifanye waganga. Apelekwe kwa daktari wa wanyama ajuaye nyoka. Na kila amshikaye anawe mikono kwa sabuni, kwa maana nyoka hata akiwa mzima huweza kubeba viini vya Salmonella. Watoto wa chini ya miaka mitano wasimshike.

Iko haki nyingine ya mfugaji mgeni, nayo ni kuambiwa ukweli wa miaka. Mwaka 1961, mwaka ule ule Tanganyika ilipopata Uhuru, mtu mmoja aliipa bustani ya wanyama ya St. Louis, Marekani, chatu jike wa aina hii. Mwaka 2020 jike huyo alikuwa bado yu hai, tena akataga mayai saba, ingawa hakuwa amekaa na dume kwa miaka mingi. Si wote waishio hivyo, lakini miaka ishirini au thelathini ni jambo la kawaida. Anayemnunulia mtoto wa miaka kumi chatu amenunua kitu ambacho huenda kikamkuta mtoto huyo ana watoto wake mwenyewe. Maneno haya yafaa yasemwe kabla fedha haijatoka mfukoni.

Mwisho, nawaomba wenzangu tuangalie namna tunavyojibu. Siku ile chamani wako waliocheka, na mmoja akasema mwenye nyoka ni mchawi. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, nami siwalaumu wenye hofu. Mashambani kwetu nyoka wenye sumu huua watu kweli. Lakini tujue pia kwamba mjini Ouidah, Benin, liko hekalu la chatu hawa hawa, na chatu akiingia nyumbani mwa mtu hurudishwa kwa heshima. Na mkulima wa huko anajua kwamba kila chatu shambani ni panya wengi wasiofika ghalani.

Kuuliza si ujinga. Mtu akiuliza nasi tukamcheka, hatarudi tena, na atakayeumia ni yule mnyama asiyeweza kulia wala kusema. Kwa hiyo natoa shauri kwamba chama chetu kiyaandike maswali niliyoyataja katika ukurasa mmoja, kwa Kiswahili chepesi, ili ndugu zetu walio ng'ambo wakituuliza wapate jibu siku hiyo hiyo. Wasioafikiana nami nawakaribisha waandike katika toleo la muhula ujao.