Tamko la Chama cha Abiria Kuhusu Kufuatiliwa kwa Wasafiri Kupitia Simu

Kamati ya Utendaji ya chama chetu, iliyokutana Dar es Salaam, inatoa tamko hili kwa kampuni za teksi mtandao na ramani za simu, kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na kwa wasafiri wote.

Abiria anayewasha lokesheni ili bodaboda imfikie kwenye uchochoro wa Manzese hajakosea. Dereva wa lori anaiona foleni ya Kibaha kabla hajaikuta, na mgeni aliyeshuka stendi ya Mbezi usiku halazimiki kumuuliza njia mtu asiyemjua. Wanachama wetu wanazitumia huduma hizi kila siku, na hatuna nia ya kuwaambia waziache.

Tunachopinga ni kufuatiliwa kupita kiasi. Safari ikiisha, sababu ya kujua abiria yuko wapi nayo imekwisha. Hata hivyo zipo programu zinazoomba ruhusa ya kumfuatilia wakati wote, na mtu aliyenyeshewa akisubiri bajaji hubonyeza "Ruhusu" bila kusoma, akihofia kukosa usafiri. Ruhusa iliyopatikana hivyo hatuitambui.

Mwaka 2016 Uber ilibadilisha programu yake, ikaweza kumfuatilia abiria hadi dakika 5 baada ya kushuka. Watu walilalamika, na mwaka 2017 kampuni ikauondoa utaratibu huo. Magari yaliendelea kuitwa na abiria wakaendelea kufika. Tunazitaja dakika hizo kwa sababu ndizo zinazoonyesha mlango alioingia mtu: wa nyumbani kwake, wa kliniki, wa ofisi ya wakili, wa msikiti au wa kanisa.

Wapo wanaosema hakuna hatari jina likishafutwa. Utafiti wa simu za watu milioni 1.5, uliochapishwa mwaka 2013, ulionyesha kuwa nukta 4 tu za mahali na wakati zilitosha kumtofautisha mtu na wenzake wote kwa asilimia 95 ya watu hao. Nyumbani alfajiri, kazini saa mbili, shuleni kwa mtoto jioni: jirani yeyote angemtambua.

Wala ufuatiliaji huu si wa lazima kiufundi: setilaiti za GPS hazijui simu yako iko wapi. Simu hupokea mawimbi ya setilaiti hizo na kupiga hesabu yenyewe. Taarifa hiyo hutoka simuni kwa kuwa programu imetengenezwa iitume, na walioitengeneza hivyo wanaweza kuirekebisha.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa zikusanywe kwa lengo mahususi. Kumfikisha abiria ni lengo. Kuwauzia watangazaji nyendo zake hakumo katika safari aliyoilipia nauli.

Kwa hiyo tunazitaka kampuni ziache kuchukua lokesheni mara abiria anaposhuka, na zisimnyime huduma aliyeruhusu wakati wa kutumia programu tu. Kumbukumbu za safari zifutwe, isipokuwa zile zinazohitajika kwa malipo, kodi au shauri la usalama. Tume tunaiomba izikague programu zenyewe, maana makaratasi ya sera peke yake hayatoshi.

Nawe msafiri, fungua mipangilio ya simu yako leo, ukague kila programu ya usafiri na uchague "wakati wa kutumia programu" pekee. Ikigoma kufanya kazi, tuletee malalamiko yako tuyafikishe kwenye Tume.

Imetolewa na Kamati ya Utendaji, Dar es Salaam.