Mtoto anataka kusoma Kanada: tuanzie wapi?

Juma hili tulipanga kuendelea na habari ya minervali, lakini swali moja limetufikia kutoka vikundi vitatu, viwili vya Masisi na kimoja cha Walikale. Kuna mtu anayepita akiandikisha finalisti kwenda universite za Kanada, na kila mzazi anaombwa kutoa pesa kwanza. Mama mmoja alikuwa tayari anatafuta mnunuzi wa ng'ombe wake wawili.

Tuseme wazi. Nafasi ya universite ya Kanada haiuzwi na komisionere. Inatolewa na universite yenyewe, kwa barua yenye jina la mtoto, baada ya kusoma dosye yake. Mtu akiwaambia kwamba nafasi imekwisha kupatikana, naye hajaona hata buletini moja ya mtoto, mwacheni aende zake.

Hiyo haina maana kwamba mtoto wetu hawezi kuomba. Anaweza, na anaomba mwenyewe kwa intaneti. Tena ana kitu ambacho wenzake wengi wa Uganda hawana: amesoma kwa Kifaransa. Université de Montréal, Université Laval na Université de Moncton zinafundisha kwa Kifaransa, na mara nyingi aliyesoma segondari yote kwa lugha hiyo haombwi mtihani mwingine wa lugha. (Kama Kifaransa chake ni cha kukariri tu, atateseka huko, na sehemu ya lawama ni yetu sisi walimu.)

Kinachowaangusha watoto wetu mara nyingi ni karatasi. Universite inataka buletini za miaka ya mwisho na diploma ya Leta, au, kama haijafika kutoka Kinshasa, hati ya kuonyesha kwamba amefaulu, pamoja na pointi zake. Kwetu 50 % inampa mtoto diploma, lakini mahali ambapo waombaji ni wengi na nafasi ni chache, mwenye 50 anabaki nyuma. Halafu cheti cha kuzaliwa, halafu paspoti. Sasa hesabuni ni mara ngapi tumekimbia. Buletini ilibaki chini ya kitanda, shule ikakaliwa na wenye silaha, kabati la prefe likawa kuni. Ndiyo maana tunawaomba: shule ikiwa bado imefunguliwa na prefe yupo, kaombeni nakala leo. Pigeni picha ya kila buletini kwa telefoni na mtume kwa ndugu aliye mbali. Mfuko wa plastiki unaobeba karatasi za chanjo za mdogo ubebe pia buletini za mkubwa.

Jina nalo linaleta shida kuliko mnavyofikiri. Shuleni binti anaitwa Riziki, kwenye cheti ni Rizike, kwenye diploma majina yamegeuzwa, na mwaka wa kuzaliwa ulipunguzwa ili aingie darasani. Kwa ofisi ya Kanada hao ni watu watatu. Mtoto akiandikishwa eta sivili ndani ya siku 90 tangu azaliwe, sheria ya Kongo inasema ni bure. Siku hizo zikipita, njia ni tribinali, na hapo pesa zinatoka.

Kuna pia kalenda. Huko masomo mengi yanaanza mwezi wa 9, lakini kwa watu wa nje dosye zinapokelewa miezi mingi kabla, nyingine zinafungwa mwezi wa 2 au wa 3. Mtihani wetu wa Leta unakuja baadaye. Anayengoja matokeo ndipo aanze kuomba amepoteza mwaka mzima. Aombe akiwa bado darasani, kwa buletini alizo nazo. Universite inaweza kumkubali kwa sharti la kuleta diploma. Na huko Québec wenyeji wanapitia kwanza shule inayoitwa cégep, kwa hiyo mtoto wetu anaweza kuongezewa mwaka mmoja wa maandalizi.

Sasa pesa, na hapa hatutawadanganya. Tangu tarehe 1 Septemba 2025, anayeomba ruhusa ya kusoma nje ya jimbo la Québec anaonyesha dola 22 895 za Kanada za kuishi mwaka mmoja, karibu dola 16 500 za Marekani, mbali na masomo na ndege. Québec ina kiasi chake na karatasi yake, inayoitwa CAQ. Ombi la ruhusa ni dola 150 za Kanada, na alama za vidole dola 85. Pesa hizo zinaonyeshwa kwa karatasi za banki, nasi tunajua banki za Goma zilivyofungwa baada ya mji kuchukuliwa mwezi wa 1, 2025. Sanduku la AVEC halitoi karatasi hiyo.

Kuna mlango mdogo. Tarehe 26 Agosti 2024 Kanada ilianza jaribio kwa wanaotaka kusoma kwa Kifaransa nje ya Québec, kwa mfano Moncton au Saint-Boniface. Kongo iko katika orodha, na kiasi cha kuonyesha ni kidogo zaidi. Nafasi zina hesabu, na jaribio ni la muda, kwa hiyo mtoto aulize universite kwanza kama bado linaendelea.

Njia ya bure ipo, lakini siyo ya hapa. Shirika la EUMC, ambalo wengine wanaliita WUSC, tangu 1978 linawapeleka wakimbizi vijana kusoma Kanada, na wanafunzi wa huko wenyewe wanachanga pesa ya kuwapokea. Ni kwa walioandikishwa kama wakimbizi nje ya nchi yao, kama walio Dzaleka huko Malawi au Kakuma huko Kenya. Mtoto aliyehama kutoka Nyabiondo hadi Sake hahesabiwi. Anayewauzia fomu ya EUMC hapa Masisi ni mwizi. Lakini mwenye binti au mpwa kambini amwambie aulize ofisi ya masomo ya kambi, na asilipe hata franga moja.

Wenye finalisti mwaka huu, leteni buletini, cheti na karatasi za ubatizo kwenye mkutano ujao wa kikundi. Tutazilinganisha jina kwa jina, tarehe kwa tarehe, na zenye kosa tutaziandikia prefe barua siku hiyohiyo.