Kifusi Kinatosha

Katika jangwa la Mojave huko California, na katika majangwa ya Arizona, si ajabu kuona familia nzima zimepiga kambi karibu na migodi iliyoachwa tangu karne ya 19, zikiwa na nyundo, patasi na madebe ya maji. Hazitafuti utajiri. Zinatafuta mawe: akiki, malakaiti, fuwele za kwatzi. Burudani hiyo ni shule njema ya jiolojia, na pengine hufundisha zaidi ya kukariri majina ya miamba ubaoni. Ila inaandamana na dhana moja potofu, nayo ni kwamba jiwe bora limo ndani ya shimo.

Mchimbaji wa zamani alifuata fedha, dhahabu au shaba. Kisichouzika alikitupa nje. Kwa hiyo lundo la kifusi lililo mbele ya mlango wa mgodi ndilo ghala la mwanafunzi, na limekwisha kuvunjwavunjwa kwa jasho la mtu mwingine. Ni kweli kwamba vielelezo vingine mashuhuri vilitoka mgodini. Mwaka 1938 Ed Over alichimba katika mgodi wa Red Cloud, Arizona, akapata fuwele nyekundu za wulfenaiti ambazo majumba ya makumbusho yanazithamini hadi leo. Lakini Over alikuwa bingwa aliyeishi kwa kazi hiyo, si kijana mwenye tochi na siku mbili za mapumziko.

Tena kemia yenyewe inakanya. Maji ya mvua yaliyobeba oksijeni yanapopenya katika madini yenye salfa huyageuza: kalkopairiti huzaa malakaiti ya kijani na azuraiti ya buluu, na galena huzaa wulfenaiti palipo na molibdeni. Ndiyo sababu rangi hizo aghalabu hupatikana karibu na uso wa nchi, na kwa hiyo kifusini. Mwanafunzi akipasua jiwe moja tu la kifusi cha risasi huenda akaona galena ya kijivu katikati, imezungukwa na anglesaiti, na nje kabisa serusaiti. Hatua tatu za badiliko moja, ndani ya kiganja chake.

Badiliko hilohilo, likiendelea katika shimo lisilopitisha hewa, hula oksijeni, na magogo yanayooza huongeza kabonidioksidi. Hewa hiyo haina rangi, na pua haiwezi kuitambua. Mtu huanguka bila kuonywa, na amfuataye ili amwokoe huanguka juu yake. Baruti zilizosahauliwa nazo hutoa jasho la nitrogliserini, ambalo huweza kulipuka kwa kutikiswa kidogo. Wapo wanaonung'unika kwamba kuziba migodi hiyo kwa vyuma na zege ni kuua udadisi wa vijana. Udadisi gani huo, usioridhika na tani elfu za mawe zilizoanikwa juani?

Sheria ya Marekani haikatazi uokotaji. Katika sehemu kubwa ya ardhi ya serikali kuu raia huruhusiwa kuchukua mawe kiasi kwa matumizi yake; kwa miti iliyogeuka mawe, kadiri ya kilo 11 na kipande kimoja kwa siku, isizidi kilo 113 kwa mwaka. Katika hifadhi za taifa hairuhusiwi hata kokoto. Migodi mingi iliyoonekana kufa ina wenyewe, na ruhusa yao haina budi kuombwa kwanza.

Kifusi nacho si cha kulalia. Vumbi lake laweza kuwa na risasi na aseniki, hivyo hema na jiko vikae mbali, upande utokako upepo, na mikono ioshwe kabla ya chakula. Wala hema lisisimamishwe katika korongo kavu, hata kama mchanga wake ni laini na unavutia. Mvua inayonyesha milimani, mbali na upeo wa macho, huweza kushusha mafuriko huko huku anga la kambini likiwa jeupe.