MTOTO WA MGONGO WAZI ASIFICHWE, ASICHELEWESHWE

Azaliwapo mtoto mwenye uvimbe wa maji mgongoni, au kidonda kilicho wazi juu ya uti wa mgongo, mara nyingi neno la kwanza kusikika nyumbani si hospitali. Hunong'onwa habari za laana, za mizimu na za mkosi wa ukoo wa mama. Mama hulaumiwa, na wako akina baba ambao huondoka wasirudi. Wakati maneno hayo yakiendelea saa zinapita, nazo ndizo saa zenye thamani kuliko zote katika maisha ya mtoto yule.

Twapenda kusema bila ya kuficha: mgongo wazi si laana. Mfereji ule ambao ndio mwanzo wa ubongo na uti wa mgongo hujifunga katika siku 28 za kwanza za mimba. Usipojifunga sawasawa, mtoto huzaliwa na ufa mgongoni, na mishipa ya fahamu hubaki bila kinga. Hapana jirani aliyeutia ufa huo, wala hapana mganga awezaye kuuziba.

Awezaye ni daktari mpasuaji. Yeye huirudisha mishipa ndani na kuifunika kwa tabaka za mwili na ngozi, na yafaa kazi hiyo ifanywe katika siku mbili au tatu za kwanza, kabla wadudu wa maradhi hawajaingia na kufika kwenye ubongo. Wengi wa watoto hawa hujaa maji kichwani pia. Hao huwekewa mrija wa kuyapeleka maji tumboni, au hufunguliwa njia mpya ndani ya ubongo wenyewe. Jirani zetu wa Uganda wametoa mfano mwema: huko Mbale, katika miaka ya 2000, Dk. Benjamin Warf kutoka Marekani aliunganisha ufunguaji wa njia hiyo na uunguzaji wa sehemu zinazotengeneza maji. Watoto wengi wakaepukana na mrija ambao ungeweza kuziba wakiwa mbali na hospitali.

Lakini tusidanganyane. Upasuaji huziba ufa na huokoa uhai. Haurudishi nguvu za mishipa iliyokwisha kuharibika. Mtoto aweza kuhitaji vyuma vya miguu au kiti cha magurudumu, na mama yake hana budi kufundishwa kuutoa mkojo kwa mpira safi mara kadhaa kila siku, maana mkojo ukikaa huziharibu figo. Mtoto aliyeokolewa mezani kwa daktari, kisha akafa kwa figo kwa sababu hapana aliyempa mama yake mpira wa senti chache, ametupwa na sisi sote. Na mtoto mwenye akili timamu anayenyimwa shule kwa kuwa hatembei, naye pia ametupwa.

Tunayo Taasisi ya Mifupa Muhimbili, tunayo Bugando, na wataalamu wetu wanajitahidi. Lakini mama aliye kijijini, mwenye mtoto wa siku moja na asiye na nauli, atafikaje Dar es Salaam au Mwanza katika siku mbili? Yapasa kila mkunga ajue kwamba mtoto huyu hufunikwa kidonda kwa kitambaa safi chenye maji ya chumvi ya hospitali, hulazwa kifudifudi au ubavu, na hupelekwa siku ile ile. Gari la wagonjwa lisingoje mama achangiwe mafuta.

Tena, usipoziba ufa utajenga ukuta. Tangu mwaka 1991, uchunguzi ulioongozwa na Waingereza katika nchi saba ulithibitisha kwamba vidonge vya asidi ya foliki, vikitumiwa tangu kabla ya mimba, hupunguza hatari ya mgongo wazi kwa kiasi cha asilimia 72 kwa wanawake waliokwisha kupata mtoto wa namna hiyo. Lakini vidonge vya kliniki huja mfereji umekwisha kujifunga au kushindwa kujifunga, kwa kuwa mama huanza kliniki akiwa na mimba ya miezi. Dawa haina budi kumtangulia. Imngoje katika unga anaokula kila siku.

Kanuni za nchi yetu za mwaka 2011 ziliwataka wenye viwanda watie virutubishi katika unga wa ngano na wa mahindi. Ni jambo jema. Hata hivyo mwananchi wa kijijini hanunui unga wa kiwandani. Husaga mahindi yake katika mashine ya jirani. Vyombo vidogo vya kuchanganyia virutubishi vipo, na vimekwisha kufungwa katika baadhi ya mashine hizo. Twataka vifike katika zote.

Wazazi, msimfiche mtoto. Wakubwa wa afya, msimcheleweshe. Na ninyi wenye mashine za kusaga, jueni ya kuwa migongo ya watoto wa kesho imo mikononi mwenu.