Gesi ya AC haiishi kama mafuta ya taa

Leo naweka kando mambo ya programu na hifadhidata. Nataka tubishane kidogo kuhusu viyoyozi, au AC kama tunavyoziita sote. Msinikimbie! Mwenye seva katika mji kama huu wetu wa Isiolo anaitegemea AC kuliko anavyomtegemea msimamizi wa mtandao, na bado hiyo ndiyo mashine inayotunzwa vibaya kuliko zote ofisini.

Tuanze na gesi, maana hapo ndipo watu wanaliwa pesa. AC haitengenezi baridi. Inabeba joto kutoka chumbani na kulimwaga nje, na kinacholibeba ni gesi inayozunguka ndani ya mabomba yaliyozibwa kabisa. Haichomwi, haitumiki ikaisha. Basi fundi akija kila baada ya miezi michache kukuambia "gesi imepungua, tuongeze", muulize swali moja tu: imetokea wapi? Kama imepungua kweli, kuna mahali panavuja, na patafutwe pazibwe kwanza. Kuna ofisi moja nilikokuwa nikishughulikia mfumo wao, walilipia gesi mara tatu kwa mwaka mmoja. Hakuna aliyewahi kupaka hata maji ya sabuni kwenye viungo vya bomba aone kama kuna povu.

Tena hiyo gesi inayopotea si hewa tupu. Kilo moja ya R-410A ikitoroka inaongeza joto la dunia sawa na takriban tani 2 za kaboni dioksidi. Ndiyo maana nchi zilikutana Kigali mwaka 2016 zikakubaliana kupunguza gesi za aina hii.

Mara nyingi, lakini, gesi haina kosa lolote. Kosa ni vumbi. Isiolo ikikauka, tuseme kuanzia Juni hadi mvua za Oktoba, upepo unaleta vumbi hadi ndani ya kibodi. Chujio la AC likiziba, hewa haipiti vizuri kwenye koili ya ndani, koili inapoa kupita kiasi na kuganda barafu. (Naam, barafu, Isiolo!) Fundi mvivu akiiona barafu anatoa mtungi wa gesi, kwa sababu gesi ikipungua barafu pia hutokea. Fundi mzuri anafungua chujio kwanza. Kuliosha ni kazi ya dakika kumi: zima umeme, litoe, lioshe kwa maji, likauke, lirudishe. Kile chombo cha nje nacho kinahitaji kuoshwa mapezi yake, kwa maji ya taratibu, si kwa mashine ya kuoshea magari, kwani mapezi yanapinda. Kikiachwa kichafu, joto halitoki, na kompresa inahangaika mpaka ife.

Sasa, tenda nyingi zinanunua AC lakini hazina hata mstari mmoja wa matunzo. Na pale mkataba unapokuwepo, utakuta umeandikwa "kila miezi 3", ratiba iliyonakiliwa kutoka kwingine. Mombasa adui ni chumvi inayokula chuma, sisi adui wetu ni vumbi. Kwa maoni yangu, msimu wa kiangazi chujio la chumba cha seva lisipite wiki mbili, na hiyo kazi apewe mtu wa ofisini, si fundi wa kuitwa kutoka Meru.

Wale wanaosema haya ni matatizo ya miji midogo wakumbuke Julai 2022. Uingereza ilipopita nyuzi 40, upoozaji ulishindwa katika kituo cha Google London, na hospitali za Guy's na St Thomas' zikapoteza mifumo yao ya kompyuta. Madaktari walirudi kwenye karatasi.

Kuna jambo jingine ambalo sisi watu wa programu tunaweza kulishughulikia wenyewe. Stima ikipotea Ijumaa usiku kisha ikarudi, seva huwaka zenyewe. AC nyingine haziwaki mpaka mtu abonyeze rimoti. Hesabu mwenyewe mpaka Jumatatu asubuhi. Kabla ya kununua, hakikisha AC inajiwasha stima ikirudi, kisha jaribu kwa kuzima swichi kuu, usiamini karatasi.

Halafu weka kihisi cha joto. DS18B20 na bodi ndogo ya ESP8266 zinatosha, pamoja na modemu ya kutuma SMS. Soma joto kila dakika 5, pale hewa inapoingilia kwenye seva, si ukutani karibu na mlango. Chama cha wahandisi cha ASHRAE kinapendekeza nyuzi 18 hadi 27, kwa hiyo ikipita 27 ujumbe utoke. Namba ya kwanza iwe ya msimamizi. Ya pili iwe ya askari wa usiku, kwa sababu yeye ndiye aliye karibu na rimoti.