Kuhamia Tengeru: ya kupima kwanza



Tengeru, kilomita 13 hivi mashariki mwa jiji la Arusha katika barabara ya Moshi, ni mji mdogo unaotegemea vyuo: Taasisi ya Nelson Mandela, chuo cha maendeleo ya jamii na cha mifugo. Anayefikiria kuhamia huko afike kwanza siku ya gulio, Jumatano au Jumamosi, mikungu ya ndizi ikiwa imejaa na daladala zimekwama. Kisha arudi wakati wa likizo, vyumba vya kupanga vikiwa vitupu na mama lishe wamepunguza masufuria. Asiyeipenda sura hiyo ya pili hatadumu. Juni na Julai baridi hudai sweta, jambo ambalo mtu wa Dar es Salaam hulidharau mpaka limkute.

Zito zaidi ni maji. Miamba ya volkano ya Mlima Meru hutia floridi nyingi katika baadhi ya chemchemi na visima. Floridi hiyo huyatia meno ya watoto madoa ya kahawia na, ikizidi kwa miaka mingi, huharibu mifupa. Kuchemsha hakuiondoi. Mpangaji aulize chanzo cha maji kabla ya kuuliza kodi. Kuhusu burudani, matembezi ya jioni yapo, kando ya Ziwa Duluti. Starehe za usiku atazifuata mjini.

Msomaji,
Tengeru