Ukitemwa Kwenye Kikosi, Usijifiche kwa Mwenzio

Mwezi huu tuongee jambo linalowaumiza vijana wengi kimyakimya: kuachwa kazini. Sifa unazo, uzoefu unao, na kila mtu ofisini anajua jina lako limo. Orodha inatoka, haumo. Jioni mwenzio anakuuliza, "Vipi, imekuwaje?" Unasema uko poa, unawasha televisheni.

Hebu nikupe kisa cha jamaa mmoja wa Poland, Bartosz Kurek, mcheza mpira wa wavu wa kulipwa. Huyu bwana, aliyezaliwa 1988, ana urefu wa sentimita 205, na baba yake naye aliucheza mchezo huo. Mwaka 2009 alikuwemo Poland ilipotwaa ubingwa wa Ulaya. Mwaka 2012 Poland ikachukua Ligi ya Dunia, na yeye akatangazwa mchezaji bora wa mashindano. Kwa lugha ya ofisini, huyu ndiye yule mfanyakazi ambaye kikao hakianzi mpaka afike.

Ikaja 2014. Mashindano ya ubingwa wa dunia yanafanyika nyumbani kwao Poland. Kocha mpya ni Mfaransa Stéphane Antiga, ambaye miaka michache nyuma alikuwa akicheza na Kurek klabu moja, Skra Bełchatów. Si ungesema jamaa ameula? Kikosi kikatangazwa, Kurek hayumo! Mwenzake wa jana ndiye bosi aliyemkata. Halafu timu ikaenda mpaka fainali mjini Katowice, ikaifunga Brazil seti 3-1 na kubeba kombe. Fikiria uchungu wake: kazi imefanyika, imefana, na wewe hukuhitajika.

Mwaka 2015 Antiga huyo huyo akamrudisha, ila kwa kazi nyingine. Zamani alikuwa mshambuliaji ambaye pia anapokea mipira ya kuanzishia. Sasa akawekwa upande wa kulia, kazi yake kubwa ikawa kumalizia. Akaikubali.

Mwaka 2016, baada ya Olimpiki ya Rio, alikuwa amesaini na klabu ya Japan. Akavunja mkataba, akasema wazi kwamba amechoka mwili na akili. Baadaye msimu huo huo akarudi Skra.

Miaka miwili mbele, 2018, Poland ikawa tena bingwa wa dunia mjini Turin kwa kuifunga Brazil 3-0. Mchezaji bora wa mashindano? Kurek. Unadhani shida zikaisha? Kabla mwaka haujaisha, klabu yake ya Szczecin ikaishiwa pesa na kujitoa kwenye ligi, ikabidi ahamie Warszawa. Mwaka 2020 akaenda tena Japan, klabu ya Nagoya, na 2023 wakawa mabingwa. Olimpiki ya Paris 2024 akiwa nahodha, Poland ikapata fedha, medali ya kwanza ya Olimpiki kwa wanaume wao tangu dhahabu ya 1976.

Sasa basi, tunajifunza nini?

Kwanza, kutemwa ni uamuzi wa kikosi cha mwaka huo, siyo hukumu ya maisha yako. Na usitukane wakunga na uzazi ungalipo: aliyekuacha leo anaweza kukuita mwakani. Akikuita kwa kazi tofauti, isikilize kwanza kabla ya kununa.

Pili, kuchoka siyo uvivu. Wengi tunasubiri mpaka tuanguke ndipo tuseme. Ukiona asubuhi unaamka na hasira na kazi uliyokuwa ukiipenda, mwambie mtu mapema.

Tatu, na hili ni la nyumbani, usimfiche mwenzio. Wapo wanaume wanaofunga tai kila asubuhi miezi miwili baada ya kuachishwa kazi, wanashinda kwa rafiki, jioni wanarudi na gazeti. Kodi ya nyumba haidanganyiki, ndugu yangu. Siku akijua, kitakachomuuma zaidi siyo kazi iliyopotea, ni hizo asubuhi zote ulizomuaga kwa uongo.

Na wewe unayeambiwa, shika ulimi. "Mbona fulani kabakizwa?" ni swali ambalo mwenzio ameshajiuliza mara mia. Mke wa Kurek, Anna Grejman, naye amecheza mpira wa wavu wa kulipwa, kwa hiyo anaijua kazi yenyewe. Mwenzio huenda haelewi kabisa kazi yako, na hakuna ubaya. Mwacheni aliyeumia aongee usiku mmoja bila ushauri. Kesho yake kaeni na kalamu: akiba itafika lini, kipi kipunguzwe, nani aambiwe. Mambo ya kutafuta kazi yaje siku ya tatu.

Haya, tukutane mwezi ujao. Leo jioni ukiulizwa "imekuwaje", zima televisheni, jibu.